Kiango wa Jua na Mvungi wa Mvua

Paukwaa!

Pakawaa!

Mnaitikia kama mnapiga miayo. Paukwaa!

Pakawaa!

Nina hadithi, niitue wapi?

Itue hapa, mikono iko wazi!

Basi sogeeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo mawe yalikuwa bado laini kama tonge la ugali, palikuwa na milima miwili iliyotazamana. Mmoja ulikuwa mashariki, mmoja magharibi. Katikati palikuwa na mbuga ya majani marefu. Majani yale yaliinama na kuinuka hata siku isiyo na upepo, kama kifua cha mtu aliyelala.

Mlima wa mashariki walikaa watu wa Jua. Walisali alfajiri, nyuso zao zimeelekea kunakopambazuka. Mtoto akizaliwa, walimtoa nje Jua limguse utosini. Walisema, "Mungu ni mmoja, naye ni Jua."

Mlima wa magharibi walikaa watu wa Mvua. Walisali mawingu yakikusanyika. Mtoto akizaliwa, walimtoa nje tone la kwanza limwangukie ulimini. Walisema, "Mungu ni mmoja, naye ni Mvua."

Je, waligombania nini? Waligombania ile mbuga. Watu wa Jua walisema majani huota kwa sababu ya Jua. Watu wa Mvua walisema, nyinyi wajinga, majani huota kwa sababu ya Mvua. Kila upande ukasema mbuga ni ya Mungu wetu, asiikanyage mwingine. Basi mbuga ikakaa tupu. Ng'ombe wa huku wakakonda, ng'ombe wa kule wakakonda, wote wanayatazama majani kwa mbali na kumeza mate.

Kila mlima ulikuwa na mlinzi wake wa imani, shujaa aliyewekwa kwa ajili ya Mungu tangu utotoni. Wa mashariki aliitwa Kiango. Alikuwa mrefu, mkavu kama ufito, anatembea kama ardhi inamchoma. Alikuwa amekula kiapo: hainui mkuki ila Jua liwe limemwangaza begani.

Wa magharibi aliitwa Mvungi. Huyu alikuwa mfupi, mnene wa mabega, sauti yake ya chini kama radi iliyo mbali. Naye alikuwa amekula kiapo: hainui mkuki ila Mvua iwe inamnyeshea kichwani.

Tena kila mmoja alifundishwa jambo hili: asiye na silaha mkononi hapigwi.

Haya, niambieni, watu hawa wangepigana lini? Jua likiwaka, Mvungi mikono chini. Mvua ikinyesha, Kiango mikono chini. Walibakiwa na wakati mmoja tu. Mnaujua? Ni ule wakati mfupi, mvua inanyesha na jua linawaka. Matone yanaanguka yakimeta kama shanga za mkufu uliokatika, majani yanawaka kijani, na mtu ukitazama huna hakika kama uko macho au unaota. Wakati huo mzuri kuliko wote, ndio waliopigania vita vyao.

Kaka yake Kiango, mlinzi kabla yake, alilala pale mbugani, hakuamka. Baba yake Mvungi, naye mlinzi kabla ya mwanawe, alilala pale pale.

Na nani aliyesema vita vipiganwe? Ahaa, nilikuwa nakuja huko.

Alikuwa Kunguru. Wakati ule Kunguru alikuwa wa kijivu mwili mzima. Kila asubuhi alitua kwenye jiwe la sala la watu wa Jua, akakunja mabawa kama mcha Mungu, akasema, "Kraa! Jua limesema nami. Limesema wale wa Mvua ni uchafu machoni pake." Watu wakainama. Wakamlisha nyama iliyokaushwa.

Alasiri akaivuka mbuga, akatua kwenye mti wa sala wa watu wa Mvua. Akasema, "Kraa! Mvua imesema nami. Imesema wale wa Jua ni vumbi la kusombwa." Watu wakainama. Wakamlisha samaki wa kijitoni na uji mzito.

Hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyevuka. Watu walimwona ndege anakuja, wakamwona anaondoka. Alikokwenda hawakukujua.

Siku ya kwanza ya zamu ya Kiango na Mvungi ikafika. Mvua ikaanza kunyesha, na Jua likachungulia chini ya wingu. Kiango akashuka mbio kutoka mashariki, akiimba:

*Jua langu, nitangulie,*
*begani kwangu utulie,*
*adui wangu asikimbie.*

Mvungi akashuka mbio kutoka magharibi, akiimba:

*Mvua yangu, nishukie,*
*kichwani kwangu utulie,*
*adui wangu asikimbie.*

Wakakutana katikati. Mkuki ukagonga ngao, ngao ikagonga mkuki. Walipigana mpaka majani yakalala. Mvungi akapata nafasi, akainua mkuki juu ya shingo ya Kiango. Papo hapo Mvua ikakatika. Tone la mwisho likaanguka, basi. Mvungi akabaki ameinua mkono kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Akaushusha mkuki.

Kiango akauliza, "Mbona hupigi?"

"Mvua imekwisha."

"Nami siwezi kukupiga, umeshusha silaha."

Wakatazamana. Hawakujua la kufanya. Mwisho Kiango akasema, "Basi, kwaheri." Mvungi akajibu, "Haya, kwaheri." Kila mmoja akapanda mlima wake, akiona aibu kwamba amemuaga adui.

Siku ya pili ikafika. Mvua ikanyesha, Jua likachungulia. Wakashuka mbio, wakaimba, wakakutana. Safari hii Kiango ndiye aliyepata nafasi. Alimwangusha Mvungi chali, akamkanyaga kifua, akainua mkuki. Papo hapo wingu zito likalifunika Jua. Dunia ikawa ya kijivu. Kiango akatazama begani kwake, akaona hakuna mwanga. Mkuki ukamponyoka.

Sasa, Kiango hakuwahi kunyeshewa namna ile, bila jua, mvua ya baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Alipiga magoti. Meno yakagongana. Alidhani anakufa.

Mvungi akainuka. Mvua ilikuwa kichwani kwake, mkuki ulikuwa karibu, na adui yake alikuwa chini. Lakini adui yule hakuwa na silaha mkononi. Mvungi akachukua ngao yake, akaiinua juu ya kichwa cha Kiango, akachuchumaa kando yake.

"Kwani wewe hujawahi kulowa?" akamuuliza.

"Nikilowa, Jua hunikausha hapo hapo. Leo halipo. Mungu wako ana baridi, wewe!"

"Na wako anababua. Tumevumilia."

Kiango akageuka kumtazama aone kama ametukanwa. Akaona mtu mwenye matope usoni, na jani limemganda kwenye nyusi. Akacheka. Mvungi naye akacheka. Kicheko kikaingia kwenye majani, kikaenda mbali, na majani yakainama na kuinuka.

Tangu siku ile kila mmoja aliaga kwao akisema, "Nakwenda kutazama hali ya mawingu." Wakakutana mbugani. Kiango alileta mihogo mikavu, Mvungi alileta kibuyu cha maziwa. Waliketi humo ndani ya majani marefu, wasionekane, na mchana ukawapita taratibu kama ng'ombe aliyeshiba.

Kiango akisali, Mvungi alinyamaza na kumfukuzia nzi. Mawingu yakikusanyika na Mvungi akisali, Kiango alimshikia fimbo. Hakuna aliyemwambia mwenzake, njoo kwangu, Mungu wako si kitu.

Siku moja Kiango alisema, "Baba yako alimuua kaka yangu."

Mvungi akaweka kibuyu chini. Akasema, "Na kaka yako alimuua baba yangu. Waliangushana siku moja."

"Unadhani walikuwa watu kama sisi?"

"Nadhani walikuwa kama sisi. Ila wao hawakupata wingu la kuwachelewesha."

Kiango akang'oa jani, akalitafuna.

Lakini Kunguru alipita juu, akawaona. Akajisemea, "Wawili hawa wakizoeana, watu watavuka. Watu wakivuka, wataulizana. Wakiulizana, mimi nitakula wapi?"

Asubuhi akatua mashariki. "Kraa! Jua limekasirika! Limesema, mvua na jua vikikutana tena, Kiango amuue Mvungi. Asipomuua, mlima mzima ushuke na mapanga, asibaki hata mtoto kule magharibi."

Alasiri akatua magharibi. "Kraa! Mvua imekasirika! Imesema, mvua na jua vikikutana tena, Mvungi amuue Kiango. Asipomuua, mlima mzima ushuke na marungu, asibaki hata mtoto kule mashariki."

Watu wakanoa mapanga. Watu wakachonga marungu. Mama yake Kiango, ambaye alikuwa amemzika mwana mmoja, alimwandalia chakula, akakisahau jikoni mpaka kikaungua.

Kiango hakulala. Aliwaza, "Nikimuua Mvungi, nimemuua rafiki yangu. Nisipomuua, watu wote watamalizana. Liko jambo moja tu. Aniue yeye." Akachukua jiwe, akasugua ncha ya mkuki wake mpaka ikawa butu kama kisigino.

Na ng'ambo ya mbuga, Mvungi naye aliwaza yale yale. Naye akachukua jiwe.

Siku ya tatu ikafika. Mvua ikaanza kudondoka, Jua likachungulia. Vilele vyote viwili vilijaa watu wenye silaha. Mashujaa wakashuka. Safari hii hawakukimbia, na hawakuimba.

Walipofika katikati, Kiango akaweka ngao chini, akatanua kifua. "Piga, Mvungi."

"Piga wewe."

"Mimi nimesema kwanza!"

"Kiango, nimekuja hapa kufa. Usiniharibie."

Kiango akauangalia mkuki wa Mvungi. Akaona ncha yake. Mvungi akauangalia mkuki wa Kiango. Naye akaona ncha butu. Mvua iliwanyeshea wote wawili, na Jua liliwaangaza wote wawili.

Kule milimani watu walianza kupiga kelele, "Mbona hawapigani? Mbona wamesimama?" Kunguru akaona mambo yanaharibika. Akashuka kama jiwe lililorushwa, akazunguka vichwa vyao, na kwa haraka akasahau yuko wapi.

"Kiango! Jua linasema, mpige! Mvungi! Mvua inasema, mpige! Kiango, shingoni! Mvungi, tumboni!"

Mashujaa wakainua macho.

Kiango akauliza, "Mvungi, unamjua huyu?"

"Namjua sana. Ni mjumbe wa Mvua."

"Mjumbe wa Mvua? Huyu ni mjumbe wa Jua! Amekula kwetu asubuhi hii!"

"Na jana alasiri alikula kwetu."

Lakini muda haukuwapo. Watu walikuwa wameanza kuteremka kutoka pande zote mbili, mapanga juu, marungu juu, wananguruma. Kiango akawapungia watu wake warudi, hawakumsikia. Mvungi akawapigia watu wake kelele, hawakumsikia. Milima miwili ilikuwa inaikunjia mbuga kama viganja viwili.

Ndipo sauti ikatoka chini, kwenye majani, karibu kabisa na miguu yao.

"Nyamazeni jamani, nina uchungu."

Alikuwa Chui jike. Tumbo lilikuwa limemjaa, macho yake ya manjano yamelegea. Akasema, "Nilikuwa na pango mlima wa mashariki, kelele za mapanga zikanifukuza. Nikaenda mlima wa magharibi, kelele za marungu zikanifukuza. Hapa ndipo nilipopata kimya. Sasa nanyi mmenifuata hapa. Nisitirini, wanangu. Sina nguvu ya kuhama tena."

Kiango alichukua ngao yake, akamkinga Chui jua lisimchome. Mvungi alichukua ngao yake, akamkinga mvua isimpige. Wakasimama hivyo, bega kwa bega.

Watu wakafika. Wa mbele wakaona, wakasimama ghafla, wa nyuma wakawagonga. Maana sheria hii ilikuwapo milima yote miwili, ya zamani kuliko vita: panapozaliwa kiumbe, damu ya ugomvi haimwagwi. Mapanga yakashuka. Marungu yakashuka. Wakabaki wamesimama katika mvua na jua, wametazamana uso kwa uso, karibu kiasi cha kuhesabiana kope. Wengi wao hawakuwahi kuiona sura ya mtu wa ng'ambo. Mwanamke mmoja wa Jua alinong'ona, "Mbona yule kafanana na shangazi?"

Chui akazaa wa kwanza. Akazaa wa pili. Akazaa wa tatu. Akawalamba mmoja mmoja. Ndiyo maana mpaka leo, mvua ikinyesha na jua linawaka, watu husema chui anazaa.

Kunguru akataka kuondoka polepole. Mvungi akamshika mkia.

"Mjumbe hauawi!" Kunguru akapiga kelele. "Mjumbe hauawi!"

"Kweli, hauawi," Mvungi akasema. "Lakini huulizwa."

Akamweka juu ya ngao, wote wamwone. Kiango akauliza la kwanza: "Jua limesema nini juu ya Mvungi?"

"Limesema afe."

Mvungi akauliza la pili: "Na Mvua imesema nini juu ya Kiango?"

"Imesema afe."

Ndipo mama yake Kiango akapenya katikati ya watu. Alikuwa mdogo wa umbo, amejifunga kanga kiunoni. Akamwinamia Kunguru, akamuuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mtoto, "Na juu yako wewe, baba, wamesema nini?"

Kunguru akatazama huku. Akatazama kule. Njia haikuonekana.

"Wamesema... nilishwe."

Kwanza wakacheka. Wakacheka mpaka wakashikana mikono bila kujua nani wanamshika. Halafu mama yake Kiango akakaa chini palepale kwenye majani, akasema jina la mwanawe mkubwa, na vicheko vikakoma kimoja kimoja. Mama mmoja wa Mvua, aliyekuwa mjane, akaja akakaa karibu naye. Yeye ndiye mama wa Mvungi.

Kunguru hawakumuua. Watu wa Jua walimpaka masizi ya chungu. Watu wa Mvua walimmwagia uji shingoni. Akaruka hivyo hivyo, mweusi na mweupe, na tangu siku ile hula majalalani na kuiba jikoni. Ukimtazama, hukwepa macho.

Je, watu wa Jua waliacha Jua? La. Watu wa Mvua waliacha Mvua? La. Kila mtu alisali kwao kama alivyosali baba yake. Ila ng'ombe waliingia mbugani, wakanenepa, na milima miwili ikawa watani. Mnajua mambo ya watani: hutukanana mchana kutwa, na msiba ukitokea hao ndio wa kwanza kufika.

Kiango na Mvungi wakazeeka. Mvungi akafa, na alikufa kiangazi.

Sasa, watu wa Mvua wana desturi yao. Maiti ikishazikwa, mtu mmoja hulinda kaburi bila kujifunika kichwa mpaka mvua ilowanishe udongo. Kaburi lisipolindwa, marehemu hajui njia ya kwenda kwa waliotangulia. Wazee walikuwa wamekaa wanaulizana nani atalinda, maana anga lilikuwa kavu na Mvungi hakuacha mtoto. Mara wakaona mtu mrefu anapanda mlima na mkongojo.

"Nani analinda?" Kiango akauliza.

"Bado hatujachagua, mzee."

"Mmeshachagua. Mtani wake nimefika."

Akakaa. Kila alfajiri aliligeukia Jua, akalisalia kwa imani yake yote. Akimaliza, aligeuka upande wa pili, akaanza kutazama mawingu kwa niaba ya mwenzake. Na mchana alilisema kaburi: "Wewe Mvungi! Hata kufa umengoja kiangazi ili unikalishe juani! Basi hujanikomoa, Jua ni langu."

Watu wake walimfuata. "Mzee, rudi nyumbani. Mvua si Mungu wetu."

Akawaambia, "Najua. Lakini ni Mungu wa Mvungi, na Mvungi hawezi kusimama mwenyewe sasa."

Midomo yake ikapasuka. Wiki zikapita. Hata ikawadia jioni moja, upepo ukabadilika, ukaleta harufu ya udongo wa mbali. Mvua ikaja. Haikuwa na jua ndani yake. Ilikuwa nzito, ya kijivu, ya baridi. Kijana mmoja akakimbia na ngozi amfunike, Kiango akaisukuma. Alitetemeka, meno yakagongana, lakini hakuinamisha kichwa. Akaingiza mkono kwenye udongo wa kaburi, ukazama mpaka kiwiko, ukatoka na tope.

"Haya, ndugu yangu," akasema. "Njia imelowa. Nenda."

Akainuka kwa shida, akaanza kuteremka. Watu wa Mvua wakamsindikiza. Msindikizaji huishia njiani, lakini wao hawakuishia njiani. Waliivuka mbuga naye, wakapanda naye mlima wa mashariki mpaka mlangoni kwake, wakamwashia moto.

Mafunzo yake ni haya, wanangu. Akija mtu na neno la chuki, akisema katumwa na Mungu, usimpige. Muulize, na wewe umeambiwa upewe nini? La pili: kumshikia mwenzako sala yake hakupunguzi yako.

Hadithi yangu nimeitua hapo mlipoitandikia. Ikiwa tamu, ilambeni pamoja. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.